Mguu Uliofungwa kwa Sanda

Wewe unayesoma haya huku umeuficha mguu chini ya kanga, nakujua. Ukifika msibani unatazama kwanza upepo unatoka wapi, ndipo unachagua pa kukaa. Ukisalimiwa unasogea nyuma hatua moja. Mimi niliishi hivyo miezi mingi. Sikuwa mjinga, nilikuwa mwoga, na uoga ulitaka kuondoka na mguu wangu kabla kidonda hakijaondoka nao. Nimepona, namshukuru Mungu. Naandika ili wewe usipite nilikopita mimi.

Mimi na mume wangu Hamisi tulikuwa madobi pale Ng'ambo, Tabora. Yeye anafua, mimi napiga pasi. Sare za shule, suti za maofisa, kanzu za Ijumaa, zote zilipita mezani kwangu. Pasi ya mkaa ni nzito na haimtaki mtu aliyekaa, kwa hiyo nilisimama toka asubuhi mpaka alasiri kwa miaka kumi na tisa, na ndani ya miaka hiyo nikazaa watoto sita. Mishipa ya mguu wa kushoto ilianza kutuna katika mimba ya tatu. Jioni kifundo kinavimba, asubuhi kinapungua. Kisha ngozi ya upande wa ndani, juu ya kifundo, ikaingia rangi ya kahawia, ikakauka, ikawa inawasha. Nikasema ni joto la mkaa. Nikawa najikuna na kuendelea na kazi.

Kiangazi kimoja nikajigonga kwenye mguu wa meza. Ulikuwa mkwaruzo ambao hata mtoto asingeulilia. Mvua za kwanza ziliponyesha na kumbikumbi wakatoka, pale palikuwa pameshakuwa kidonda cha ukubwa wa shilingi. Embe zilipoiva, kisosi cha chai kisingekifunika.

Nilitia kila kitu. Poda ya penisilini ya jirani, majivu, majani ya mpera yaliyotwangwa, asali ya nyuki wadogo. Kila dawa ilinipa siku mbili za matumaini, halafu maji yanaanza tena kutoka, na harufu nayo inarudi. Harufu ndiyo iliyonivunja. Wewe mwenyewe unaizoea, ila unaiona kwenye nyuso za watu.

Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa ametoka Puge kuja kuishi nasi baada ya kufiwa, alikitazama akatikisa kichwa.

"Mayo, mama yangu, hiki si kidonda cha Mungu. Umekanyaga kitu cha mtu."

Nilimkatalia kwa mdomo. Moyoni nikaanza kuhesabu majirani niliogombana nao, na nikipita uani nilikuwa natazama chini kila hatua.

Ikafika siku balozi wetu wa nyumba kumi akaja, akakaa, akanywa uji, akazunguka weee kama mtu aliyekuja kuposa. Mwisho akasema, "Mama Zuhura, usinielewe vibaya. Kuna minong'ono. Watu wanasema nguo zao zinapigwa pasi na mtu mwenye ukoma."

Hamisi alicheka kwa sauti kubwa mno. Balozi akasema tu kwamba ingefaa niende hospitali nikapimwe, watu wapate kunyamaza. Kuanzia wiki ile Hamisi akawa analala chumba cha mbele. Alisema ni joto. Ilikuwa masika, mvua zinanyesha kila siku, joto gani? Sikumuuliza, maana niliogopa asije akanijibu.

Nikaenda. Benchi la kusubiri hospitalini ni refu, lakini nilipokaa lilirefuka zaidi. Mama mmoja alimhamisha mwanawe kutoka upande wangu hadi upande wa pili, taratibu, huku akinitabasamia. Aliyebaki karibu yangu alikuwa mzee mmoja wa Cheyo. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na ndipo nikaona kwamba mguu mmoja wa suruali yake umekunjwa na kufungwa kwa pini.

"Kidonda?" akaniuliza, akiutazama mguu wangu.

"Kidonda."

"Mimi walianza na kidole," akasema. "Wakasema kidole tu."

Nikataka kuinuka nirudi nyumbani. Kilichonizuia ni kwamba aliyeita namba aliita yangu.

Daktari alikuwa mgeni, anayezunguka hospitali za kanda. Alibonyeza mguu kwa dole gumba na shimo likabaki pale. Akanichoma sindano kidogo hapa na pale, akaniuliza kama nasikia. Nilisikia kila mahali. "Si ukoma," akasema. Nililia pale pale, kwa furaha, na sikuwa nimemaliza kulia aliposema la pili. Nyama imeanza kuoza na uozo unapanda. Kitasafishwa na mguu utafungwa. Yeye atarudi mvua zikiisha. Akikuta kimepanda zaidi, mguu utakatwa usije ukaniua.

"Utakatwa wapi?" nikauliza, sijui kwa nini nilitaka kujua.

Alichomoa kalamu mfukoni akaipitisha hewani, chini kidogo ya goti. Haikugusa ngozi. Lakini tangu siku ile nilikuwa nikioga naisikia pale ilipopita.

Nikapelekwa chumba cha vidonda. Aliyekuwa pale ni mganga msaidizi aitwaye Bwana Kondo, mtu mfupi mwenye mikono mipana. Akaniuliza kabila langu. Niliposema Mnyamwezi, akarusha mikono juu.

"Alhamdulillahi, nimeletewa mtani! Mimi Mzaramo. Mababu zenu walibeba pembe za ndovu kwa miguu toka hapa mpaka Bagamoyo, wakaimaliza miguu ya ukoo mzima. Wewe umeachiwa masalia."

"Na wenu wakawapokea kwa kuwaibia mizigo," nikamjibu.

Nilicheka. Ulikuwa mwezi sijacheka. Huku ananitania alikuwa anakosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, anakata nyama iliyokufa, na maumivu yakapita katikati ya matusi yake na yangu. Akaweka shashi yenye mafuta, kisha akatoa bendeji ndefu ya kuvutika, akaanza kuzungusha toka vidoleni mpaka chini ya goti, anaivuta kila mzunguko. Mguu ukabanwa mpaka nikausikia unapiga kama ngoma.

"Unaniua."

"Mtani haui, anazika tu. Sikiliza. Bendeji za namna hii ziko mbili, na hospitali nzima hakuna nyingine. Moja ikiwa mguuni, nyingine iko kwenye kamba ya nguo. Jumatatu na Alhamisi uje. Ukikaa, mguu uwe juu ya mto. Tembea, ila usisimame mahali pamoja. Na bendeji zifuliwe ziwe safi."

Hilo la mwisho alimwambia nani? Mke wa dobi.

Nyumbani mama mkwe alipoona mguu ulivyobanwa alishika kichwa. Kwao Puge mguu hufungwa hivyo mtu akiumwa na nyoka, sumu isipande. "Kitu kikibanwa hufa," akasema. "Wanaufisha kwanza, kisha waukate." Nikamwona ana akili. Nilikuwa nabonyeza kucha za vidole kila mara nione kama damu inarudi, mpaka vidole vikauma kwa kubonyezwa.

Hamisi aliingia kazini. Alichukua bendeji iliyovuliwa, akaifua kwa sabuni ya kipande, na siku hizo sabuni ilikuwa ya kupangia foleni. Akaisuuza mara tatu, akaitia wanga, akaianika, kisha akawasha pasi yake akainyoosha kutoka mwanzo mpaka mwisho, akaikunja vizuri kama shuka la harusi. Hakunikumbatia, hakulala karibu yangu, lakini bendeji ile aliipiga pasi kila Jumatatu na kila Alhamisi. Nilijua anachoniambia. Katika chumba cha vidonda hakuna mgonjwa aliyekuwa na bendeji nyeupe na iliyonyooka kama yangu, na niliona fahari.

Kabla wiki ya kwanza haijaisha Bwana Kondo alitumwa kwenye vijiji vya ujamaa vilivyokuwa vinaanzishwa, kuchanja watoto. Tukabaki na manesi wanafunzi, nao walifunga kile walichopewa. Bendeji zilikuwa zinashuka zenyewe kabla ya adhuhuri. Mimi nikashukuru kwamba hazibani tena. Nilirudi mezani, nikasimama, kwa sababu sare za shule hazisubiri mtu. Kidonda kikawa kinalowesha mpaka kiatu. Nilijiambia ni uchafu unatoka. Ukiogopa sana unakuwa hodari wa kujidanganya.

Mahindi yalikuwa yameshabeba Bwana Kondo aliporudi. Aliivua bendeji, akaishika ncha mbili akaivuta. Haikuvutika. Ilitoa sauti ya karatasi.

"Nani kaipiga pasi hii?"

"Mume wangu," nikasema. "Na wanga katia."

Akakaa kwenye kigoda. Alinieleza polepole kwamba dawa ilikuwa ule mvutano, wala si kitambaa. Damu ya mguu wangu imechoka kupanda, na bendeji ndiyo iliyokuwa ikiisukuma. Moto wa pasi umeua mvutano. Zote mbili. Kisha akapima kidonda kwa vidole vyake. Kilikuwa kimepanda vidole viwili kamili kuelekea kule kalamu ilikopita.

Nilisubiri utani wake. Hakutania. Hapo ndipo niliogopa kuliko siku zote nilizowahi kuishi, na sisemi kwa kutia chumvi. Niliogopa kunyooshewa mkono na Hamisi niinuke. Niliogopa kitakachofanyiwa mguu uliokatwa, utazikwa wapi, nani atauchimbia.

Alasiri ile ile Bwana Kondo akaja nyumbani kwetu bila kubisha hodi vizuri. Hamisi alikuwa kwenye beseni. Mgeni akaenda moja kwa moja kwenye meza yangu, akamwaga mkaa kutoka kwenye pasi yangu, akaibeba.

"Nimekuja kuchukua mali ya marehemu mapema," akasema, "kabla ndugu hawajagombana."

Hamisi alisimama, povu mpaka viwikoni. "Weka pasi ya watu. Hiyo ndiyo tunayolia ugali."

"Una yako. Hii ya mke wako naichukua mimi mpaka mguu upone. Ukikasirika nalipwa mbuzi."

Mishipa ya shingo ya Hamisi ilitoka. Kwetu mtani anaweza kukunyang'anya kitu mkononi, na wewe ukikunja uso umeharibu jina lako. Mama mkwe akiwa kizingitini akasema, "Mwache, Hamisi. Mtani hakasirikiwi." Hamisi akarudi kwenye beseni akakung'uta shati moja muda mrefu sana.

Ndipo Bwana Kondo akamweleza habari ya bendeji. Aliisema kwa upole, lakini niliona ilivyomwingia mume wangu. Mikono yake ilibaki ndani ya maji. "Nilidhani namsafishia," akasema. Alirudia hivyo hivyo mara mbili.

"Nyingine hakuna," akasema Bwana Kondo. "Lakini marekani, hiki kitambaa cheupe cha pamba, ikikatwa kwa mshazari huvutika kidogo. Si kama ile, ila inatosha ikifungwa kila siku. Mnayo marekani?"

Nani alikuwa na marekani? Duka la ushirika lilikuwa na miezi halijaona kitambaa, na kikija, watu walipanga foleni toka alfajiri wagawiwe vipande. Tukatazamana. Mama mkwe akaingia chumbani kwake. Tulisikia sanduku linafunguliwa. Akatoka na marekani nyeupe, haijavunjwa mkunjo, ina harufu ya udi na karafuu.

Wote tuliijua. Bibi mwenye kujiheshimu hangojei watoto wahangaike siku yake ikifika. Huinunua sanda yake mwenyewe, akaiweka.

"Mama, hiyo siyo ya—" Hamisi akaanza.

"Najua ni ya nini. Niliinunua mimi." Akaniwekea mapajani. "Nilisema kubana kunaua. Kama kunaua, basi nguo iko tayari. Kama hakuui, mtaninunulia nyingine."

Niliikata mimi mwenyewe. Mkasi ulipouma ile nguo nilisoma Fatiha kimoyomoyo, nikaikatiza katikati, sikujua naisomea nini. Bwana Kondo akamfundisha Hamisi pale pale: anza vidoleni, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, usiache kisigino wazi, kaza zaidi kwenye kifundo na legeza kidogo unavyopanda. Kidole kikifa ganzi au kikibadilika rangi, fungua upesi.

Kuanzia kesho yake Hamisi alinifunga kila alfajiri kabla sijakanyaga chini, na siku za hospitali Bwana Kondo alikosha kidonda na kumkagua. Mwanzoni tuligombana. Nilimwambia anabana kwa hasira ya pasi, akaniambia nanuna kama mtoto. Lakini alikuwa amerudi chumbani. Tuliinua kitanda upande wa miguu kwa matofali mawili, na mume wangu akawa analalamika kwamba damu yote inamshukia kichwani, na hakuhama.

Ila sikuacha kuogopa. Kila nilipoutazama mguu niliona sanda. Nilijiambia kwamba ardhi imeshapewa ahadi na itadai. Kisha mama mkwe akashikwa na homa, homa kweli, akatetemeka siku nne hata uji wa ulezi ukamshinda, na mimi nikawa na hofu nyingine juu ya ile ya kwanza: akifa, atazikwa na nini? Nguo yake nimeivaa mimi. Nilimlisha kwa kijiko, mguu wangu ukiwa juu ya kitanda chake, na nikamwomba asife. Alifumbua macho akasema, "Kumbe unanipenda kwa sababu ya kitambaa." Siku ya tano aliomba matobolwa, vile viazi vikavu vya kuchemsha, na karanga. Sijawahi kupika chakula kwa furaha namna ile.

Sasa angalia, kupona hakuji na tarumbeta. Kwanza ngozi ya mguu ilifanya mikunjo, maana uvimbe ulikuwa umeondoka. Wiki moja nikagundua mama mkwe anakaa karibu yangu bila kugeuza uso. Kisha pembeni mwa kidonda pakatokea mstari mwembamba wa rangi ya waridi. Bwana Kondo akasema ni ngozi. Sikumwamini. Nilikuwa nimeshajidanganya mara nyingi, na sasa hata ukweli niliuona kama uwongo wangu mwenyewe.

Mvua zikaisha. Watu walikuwa wanang'oa karanga daktari aliporudi. Nilikaa kwenye benchi lile lile. Mzee wa Cheyo hakuwepo, na sikuthubutu kumuuliza mtu habari zake. Ndani, daktari alifungua marekani mzunguko baada ya mzunguko, na mimi nilitazama kitu kimoja tu: kalamu iliyokuwa mfukoni mwake. Alibonyeza. Akanusa. Akapima. Kidonda kilikuwa kimebaki ukubwa wa ukucha wa dole gumba.

"Nani anakufunga?"

"Dobi," nikasema.

"Aendelee."

Hakuichomoa kalamu. Nje nilikaa chini, kwenye mchanga, mbele za watu, nikalia mpaka mwanamke mmoja akaja kuniuliza nani amefariki.

Kilifunga baada ya miezi miwili mingine. Bwana Kondo aliirudisha pasi, akachukua jogoo wetu bila kuuliza, akaenda zake. Mama mkwe tulimnunulia marekani nyingine kwa foleni ya siku tatu, akaikagua uzi kwa uzi, akasema ile ya kwanza ilikuwa bora.

Hiyo ni miaka kadhaa iliyopita. Napiga pasi nimekaa kwenye kiti kirefu, na bado nafungwa kila asubuhi, maana Bwana Kondo aliniambia mguu kama huu ukisahauliwa hukumbusha. Nikijigonga popote moyo unasimama. Usiposikia lolote kati ya haya, sikia hili: onyesha mtu mapema. Usingoje balozi aje kunywa uji.

Nilidhani nimemaliza kuandika hapo. Lakini wiki iliyopita Zuhura, binti yetu wa kwanza, alikuja kututembelea. Anafundisha shule ya kijiji cha ujamaa, anasimama ubaoni kutwa, na ana mimba ya nne. Alikuwa amevaa soksi ndefu, na jua la Oktoba hapa kwetu linajulikana. Nikamwambia avue. Akasema ni vumbi tu la njiani. Nikamwambia tena.

Juu ya kifundo, upande wa ndani, ngozi ilikuwa ya kahawia. Katikati palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya harage, kimenyunyiziwa poda ya penisilini.

"Tangu lini?"

"Tangu shule zifungue."

"Na hukuniambia, Zuhura? Mimi, mama yako?"

Alivuta kanga akaufunika mguu. "Nilikuona wewe ulivyokuwa unaficha," akasema. "Nikajua ndivyo inavyofanywa."

Nilimwambia apande kitandani aweke mguu juu ya mto, nikatoka uani kumwita baba yake.